Mafuta ni Mafuta

Pikipiki tatu zilikuwa zimeshatoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, vumbi jekundu limesimama nyuma yake kama ukuta, na bado vigelegele vya akina mama vilikuwa vinazifuata. Mbele alikwenda bwana harusi mwenyewe, Gakiza, suti ya buluu, tai inampepea begani, honi haikatiki. Nyuma yake alikuja Sindayigaya, amempakia Rosette, dada yake Gakiza, fundi cherehani wa kambini, na Rosette huyo alikuwa amesimama juu ya vikanyagio akipunga kitenge kama bendera. Wa mwisho alikuwa Patient, mtoto wa Uvira, Kongo, shahidi wa bwana harusi. Mgongoni kwake aling'ang'ania mzee Havyarimana, mjomba wa Gakiza, ambaye tangu kuondoka alikuwa anaimba wimbo mmoja wa Kirundi, ukiisha anauanza tena.

"Muzee, punguza sauti, sisikie injini!" Patient alimpigia kelele.

"Injini itaimba kesho! Leo naimba mi!"

Bwana harusi wa Dzaleka kwa kawaida hukodi minibasi, akakaa dirishani kama mtu mkubwa. Huyu hakuruhusiwa. Baba wa bibi harusi, mzee Robert, mtu wa Fizi, nako Kongo, anayetunza kanisa dogo la Waswahili kule Mchesi, Lilongwe, aliwahi kugongwa na kabaza, yaani pikipiki ya abiria, iliyokosa breki, na mguu wake wa kushoto ulipona umepinda. Gakiza alipokwenda kuposa, mzee hakuuliza ukoo, hakuuliza hata dini.

"Kazi yako njo kabaza?"

"Njo kabaza, baba."

"Basi siku ya harusi utakuja na moto yako mwenyewe. Mbele ya kanisa kuko muteremuko. Nitachora mustari chini na chaki. Ukisimama mbele ya mustari, unaoa. Ukiuvuka, unarudi Dzaleka na suti yako. Mi siwezi toa mutoto kwa mwanaume hana freni."

Watu walicheka, wakadhani ni utani wa wakwe. Aline, bibi harusi, ndiye aliyewatoa ujinga. "Baba hana muchezo," aliwaambia. "Chaki ameshanunua."

Ndiyo maana wiki ile pikipiki zilifanyiwa kazi kama maharusi. Breki ya nyuma, ile ya ngoma, ilikazwa. Pedi za mbele zilibadilishwa. Siku ya Alhamisi Patient alipopata abiria wa haraka, alimwachia mzee Havyarimana kazi ndogo iliyobaki. Alisema akiwa ameshawasha moto, mguu mmoja hewani: "Muzee, utie mafuta kidogo ku freni, zote tatu!" Mzee akajibu kwa furaha kwamba hiyo ndiyo itakuwa zawadi yake ya harusi. Patient hakugeuka nyuma.

Sasa ilikuwa Jumamosi asubuhi, lami imeshashikwa, upepo mtamu. Patient alikuwa anajisemea moyoni kwamba hajawahi kuona siku iliyonyooka namna hii, akaona pikipiki ya Gakiza inapungua mwendo.

Gakiza alivuta mafuta. Injini ikalia, pikipiki haikwenda. Akavuta tena. Ilikuwa kama mbuzi anayevutwa sokoni, kila ukivuta yeye anakaza miguu. Halafu harufu ikaja, kama kucha inayoungua. Gakiza akaegesha pembeni, na gurudumu la mbele likatoa moshi mwembamba.

"Mana yanje!" mzee Havyarimana akamwita Mungu wake, akaruka chini. "Inaungua!"

Diski ya mbele ilikuwa imebadilika rangi, imekuwa ya zambarau kama bilingani lililooza. Sindayigaya, mtu wa mikono kabla ya kichwa, alimnyang'anya Rosette chupa ya maji akainua kumwaga.

"Acha!" Patient alimkamata mkono. "Ukiimwagia maji ikiwa moto vile itapinda kama chapati. Ingoje ipoe yenyewe."

"Na kanisa? Nayo itangoja ipoe?"

Wakangoja, kila mtu akitoa ugonjwa wake. Gakiza alisema ni pedi mpya, bado nene. Rosette alisema ni wivu wa watu. Sindayigaya aliapa ni pistoni, ile inayosukuma pedi, imeshika kutu, kwa hiyo ikisukumwa inatoka ila kurudi hairudi. Patient aliona Sindayigaya ana akili safari hii. Walifungua kalipa, kile chuma kinachobana diski, wakatoa vile vyuma viwili inavyotelezea, wakavipangusa, wakarudisha pistoni ndani kwa kidole gumba. Ilikuwa safi, haina hata doa la kutu. Lakini chuma kilikuwa kimepoa, gurudumu likazunguka vizuri, na mtu mwenye haraka haulizi mara mbili. Wakapanda. Rosette akapiga kigelegele kimoja cha kulipia muda.

Hawakufika mbali. Safari hii aliyeanza kutoa moshi alikuwa Sindayigaya.

"We na pistoni yako!" Rosette alimpiga kofi la mgongo. "Umeleta kutu kwa mudomo!"

Na kabla hawajamaliza kumcheka, Patient akasikia pikipiki yake mwenyewe inakuwa nzito chini ya makalio. Akakamata mkono wa breki: ulikuwa mgumu kama jiwe, hauna hata ule mchezo mdogo wa mwanzo. Akauachia. Gurudumu likabaki limeshikwa.

Hapo Patient akaegesha, akashuka. Pikipiki moja ikiugua ni bahati mbaya. Tatu zikiugua ugonjwa mmoja asubuhi moja, hao wamekula chungu kimoja.

Alichukua spana ndogo, akapiga magoti mbele ya gurudumu la Gakiza, akalegeza kidogo ile skrubu ya kutolea hewa kwenye kalipa. Psii! Mafuta yakaruka kwa nguvu, na papo hapo gurudumu likawa huru, likazunguka kama la baiskeli ya mtoto.

"Angalieni," alisema, sauti imebadilika. "Ingekuwa pistoni njo imeshika, kufungua hapa haingesaidia kitu. Kumbe ni presha inafungiwa kutoka huko juu. Unakamata freni, mafuta inashuka. Unaachia, inakosa njia ya kurudi. Inabaki ndani inakamua, diski inapata moto, moto inaongeza presha. Vile mpaka gurudumu inafunga kabisa."

"Na juu kuko nini?" Gakiza aliuliza.

"Kuko pampu, na ndani yake kampira."

Alifungua kikopo cha breki kwenye usukani. Mpira wa kifuniko, ambao hukaa sawasawa kama sahani, ulikuwa umevimba na kujikunjakunja kama sikio la tembo. Patient akanusa. Akachovya kidole. Akamwomba Rosette kifuniko cha chupa chenye maji, akadondosha humo tone moja.

Mafuta halisi ya breki hupotea ndani ya maji kama chumvi. Tone hili halikupotea. Lilielea juu, likajigawa, likamtazama kwa macho madogo ya duara, kama supu ya mbuzi.

"Muzee," Patient alisema polepole. "Siku ile ulitia mafuta gani?"

Havyarimana akavuta koti lake, akajiona anaulizwa juu ya zawadi yake. "Mazuri kabisa, mwana wanje! Yale ya kwenu ya kwenye chupa yalikuwa na rangi ya mkojo. Nikasema harusi ya mpwa wangu haiwezi kwenda na mafuta ya mkojo. Nikatia meupe, masafi, unaona mpaka chini."

"Ulitoa wapi?"

Mzee akamtazama Rosette kwa pembe ya jicho.

"Mjomba!" Rosette alishika kichwa. "Mafuta ya cherehani yangu! Nimeitafuta tangu Alhamisi! Nimemutukana jirani wa watu bure!"

"Uliniambia mafuta!" mzee akajitetea, sasa amegeukia Patient, mikono wazi. "Hukusema mafuta gani! Mafuta ni mafuta!"

Na huo ndio ulikuwa ukweli. Kwao yote ni mafuta. Ya kukaangia ni mafuta, ya kujipaka ni mafuta, ya taa, ya injini, hata hayo ya breki ambayo si mafuta kabisa ila ni dawa ya namna yake, nayo huitwa mafuta kwa sababu yanateleza. Mpira wa breki ukinywa mafuta ya kweli, unavimba. Ukivimba, unaziba kile kitundu cha kurudishia. Patient alilijua hilo tangu ujana wake Uvira. Asichokifikiria ni kwamba neno linaweza kuvimba vilevile.

"Si kosa yako, muzee," alisema. "Mi njo nilisema vibaya."

"Basi harusi imekufa," Gakiza alisema, akakaa juu ya jiwe na suti yake. "Naenda kusimama mbele ya ule muzee na freni ya cherehani."

"Nani amekufa?" Patient alishapata joto. "Inuka, utachafua suruali! Kule Lilongwe, Old Town, maduka ya spea inafungwa saa sita. Tukifika mbele haijafungwa, tunanunua mipira na liquide ya freni, tunafanya kazi pale pale, tunashuka Mchesi. Freni ya nyuma ni ya ngoma, inavutwa na chuma, haikunywa kitu. Tutaenda na ya nyuma."

"Na mkono ya mbele, mutu akisahau akamate?"

Rosette hakusubiri. Alichana kitambaa kwenye kanga kuukuu aliyofungia zawadi, akafunga mikono mitatu ya breki za mbele, kila mmoja na fundo la fundi. "Sasa kamateni nione."

Patient akalegeza skrubu za zile mbili nyingine, presha ikatoka, akakaza. Akapita nyuma ya kila pikipiki, akazungusha nati ya fimbo ya breki mpaka kanyagio likabaki na mchezo wa upana wa kidole kimoja, akanyanyua gurudumu kuona linazunguka bila kukwaruza. Ya Sindayigaya brekishu zake, zile pedi za ndani ya ngoma, zilikuwa zimekaribia kuisha, mshale wa kuonyesha umefika mwisho.

"We hautapakia mutu," alimwambia. "Rosette kwa Gakiza."

"Bibi harusi wa kwanza huyo," Sindayigaya akasema, na wote wakacheka, hata Gakiza.

Kuendesha namna ile kunahitaji moyo. Vidole vya dereva wa kabaza vimezoea kukamata breki ya mbele kabla akili haijaamua, na kila mara vidole vya Patient vilipokunjuka vilikuta fundo la kanga. Aliwapigia kelele waachiane nafasi, washushe gia mapema, waiachie injini ifanye kazi. Kwenye mteremko kabla ya Kanengo lori la tumbaku lilisimama ghafla mbele yao. Gakiza akashusha gia mbili, injini ikanguruma, gurudumu la nyuma likateleza kama mkia wa samaki, Rosette akalia "Yesu wa Bujumbura!" na wakapita ubavuni mwa lori kwa nafasi ambayo mbuzi angejifikiria.

"Yesu wa Bujumbura ni nani?" Sindayigaya aliuliza waliposimama kwenye taa, anahema.

"Yule anayesikia haraka!"

Old Town ilikuwa imefurika, watu, mizigo, basi zinapiga honi, na wenye maduka wameanza kuteremsha vyuma vya milango. Patient aliruka hata pikipiki haijasimama sawasawa. Dukani, kijana wa mauzo wa Kimalawi alimwangalia mtu huyu aliyevaa koti la harusi na vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Mukufuna chiyani?" Unataka nini?

"Mafuta a..." Patient alianza kwa Kichewa chake cha kuokoteza, na mkono wa kijana ukawa umeshafika kwenye chupa ya oili ya injini. "Ayi! Ayi! Osati mafuta!" Si mafuta! Alipiga kaunta. Mzee Havyarimana aliyekuwa nyuma yake akapiga kaunta vilevile na kurudia kwa sauti kubwa zaidi, "Osati mafuta!" Patient akavuta pumzi. "Bureki fuluwidi. Na pakiti ya mipira, ya pampu na ya kalipa."

"Fuluwidi ipo," kijana akasema kwa lugha yake, akichungulia pikipiki nje. "Mipira ya pikipiki hiyo imebaki pakiti moja."

"Zikomo, asante, leta!" Moja ilitosha. Mwenye kuoa alikuwa mmoja.

Walifanya kazi kwenye kibaraza cha duka lililokwisha kufungwa. Rosette alimvisha Gakiza kitenge kuanzia kifuani mpaka miguuni, maana maji ya breki yanakula rangi, na suti ilikuwa ya kuazima. Patient alifungua pampu, akatoa kale kampira. Kalikuwa kamevimba mpaka kakalazimika kuvutwa na koleo. Kila kilichokuwa na mpira kilitupwa. Kila chuma kilisafishwa kwa spiriti ya duka la dawa, hakuna petroli, kisha kikapakwa fuluwidi mpya kwa kidole. Bomba likasafishwa. Pedi zikasuguliwa kwenye saruji mpaka weusi wa kuungua ukatoka, diski ikapanguswa.

Ikabaki kutoa hewa. Patient alivalisha mrija kwenye skrubu, mwisho wa mrija ukazamishwa ndani ya chupa yenye fuluwidi. Akainua kichwa.

"Muzee. Kuja ukamate mukono."

Havyarimana alirudi nyuma. "Mi? Hapana, mwana wanje. Mkono huu umeshafanya kazi yake."

"Njo huo nataka. Nikisema kamata, unakamata, haurudishi mpaka niseme achia. Ukiachia mbele sijafunga, inavuta hewa tena."

Mzee akasogea kama anayekwenda madhabahuni. "Kamata!" "Nimekamata!" "Nafungua!" "Inashuka!" "Nafunga! Achia!" Mapovu yakatoka chupani. Mara ya pili mzee akaachia mapema, hewa ikarudi ndani, na Rosette akamwambia, "Mjomba, hiyo si chuchu ya ng'ombe!" Wakaanza upya. Wabeba mizigo wa sokoni wakasogea kutazama bwana harusi aliyefungwa kitenge, wakashika wimbo bila kujua maana yake. "Kamata!" wakaitikia "Nimekamata!" Kibaraza kizima kikawa kinaimba. Mapovu yakawa makubwa, yakawa madogo, yakawa kama punje za ulezi, yakakoma. Mkono wa breki uliokuwa unazama kama kwenye ugali wa moto ukaanza kusimama. Ukasimama.

Patient alinyanyua gurudumu la mbele, akalizungusha. Mzee akakamata: likaganda. Akaachia: likazunguka. Akakamata, akaachia, akakamata tena, anacheka na machozi yanamtoka. "Inarudi! Inarudi!"

"Twendeni!" Gakiza alirarua kitenge.

Mchesi waliingilia upande wa chini, na mtaa mzima ulikuwa nje. Watoto juu ya ukuta, akina mama wa kwaya mlangoni, na chini ya mteremko mstari mweupe wa chaki, mnene, umechorwa na mtu aliyekusudia. Mzee Robert alisimama kando yake na fimbo na kofia ya harusi. Aline alikuwa mlangoni, shela limeinuliwa, amekunja uso.

"Mumechelewa," Robert alisema. "Na munanukia dawa. Ni sababu gani?"

Gakiza alimtazama Patient. Patient aliona mlango mwembamba wa uongo umefunguka mbele yao: msongamano, pancha, chochote. Kabla hajachagua, mzee Havyarimana akashuka, akavua kofia.

"Mkwe, freni ilikuwa imekufa. Zote tatu. Nilitia mafuta ya cherehani."

Mtoto mmoja juu ya ukuta akaangua kicheko.

"Na mi njo nilimwambia tu mafuta, sikusema ya nini," Patient akaongeza. "Tumetengeneza ya Gakiza Old Town. Hizi mbili bado zimefungwa kanga, unaziona."

Robert alizitazama zile kanga kwenye mikono ya breki. Akachechemea mpaka kwenye kikopo cha Gakiza, akainama, akatazama rangi ya fuluwidi.

"Ule dereva alinivunja muguu," alisema, "aliapia freni yake ni nzima. Aliapia mpaka hospitali." Akampa Aline fimbo, akamgeukia Gakiza. "Songa mbele, mutoto. Nataka kiti."

"Baba!" Aline akapiga kelele. "Unaenda wapi?"

"Kupima. Unafikiri nitapima nikiwa nimesimama?"

Akapanda nyuma ya Gakiza, mguu mbovu umenyooshwa pembeni. Wakapanda mpaka juu ya kilima, wakageuka. Patient alishika mdomo. Kama kuna povu hata moja lililobaki bombani, lingejulikana sasa, na mzee juu.

Pikipiki ikaanza kushuka. Ikashika kasi. Kuku wakatawanyika. Mstari ukawa karibu, Gakiza bado anangoja amri ya Robert. Ukawa karibu zaidi. Kwaya ikaacha kupumua.

"Sasa!" Robert akaamuru.

Gakiza akakamata na kukanyaga kwa pamoja. Pua ya pikipiki ikainama, matairi yakalia kifupi, na ikasimama. Kofia ya Robert peke yake ndiyo iliyoendelea: iliruka juu ya kichwa cha bwana harusi, ikapita mstari wa chaki, ikabingirika mpaka miguuni kwa kwaya.

Robert alibaki amemkumbatia mkwewe kwa nguvu, macho yamefumbwa. Akafumbua moja. Akahesabu gurudumu liko wapi na mstari uko wapi.

"Kofia imevuka," alitangaza, "lakini kofia haina freni. Mi nimebaki. Pigeni wimbo!"

Mtaa ukalipuka. Aline aliangusha fimbo akakimbia na shela lake, Rosette akamkamata Sindayigaya akamzungusha, Havyarimana akalia wazi kama mtoto, na Patient akakaa chini juu ya chaki, suruali ya harusi ikawa nyeupe matakoni.

Gakiza na Aline walifunga ndoa mchana uleule, wanakaa Dzaleka, wana mtoto wa kike. Patient na Sindayigaya walirudi kambini kwa breki za nyuma, polepole, na mipira yao ilipatikana wiki ya pili. Sindayigaya baadaye aliuza pikipiki akaenda kulima soya na shemeji yake. Rosette ana cherehani mbili sasa, na anafundisha wasichana. Mzee Havyarimana aliugua malaria msimu wa mvua uliofuata, akafariki, amezikwa Dzaleka. Mzee Robert bado anatunza kanisa la Mchesi, mguu unamsumbua wakati wa baridi. Patient anatengeneza pikipiki karibu na soko la kambini, na hajaoa.